Sindromu ya Stevens-Johnson ni nini?

Sindromu ya Stevens-Johnson ni mmenyuko mkali wa mwili, unaosababishwa mara nyingi na dawa, ambapo chembe za kinga hugeuka na kuua tabaka la juu la ngozi pamoja na utando laini wa mdomo, macho na sehemu za siri. Jina lake limetokana na madaktari wawili wa Marekani walioueleza mwaka 1922. Ngozi iliyobabuka ikizidi asilimia 30 ya mwili, hali hiyo hupewa jina jingine, na hatari ya kifo huongezeka sana.

Ni ugonjwa nadra: huwapata watu wachache tu katika kila milioni moja kwa mwaka. Dawa zinazoshukiwa zaidi ni baadhi ya zile za kifafa, alopurinoli ya jongo, nevirapini ya VVU na dawa za salfa, lakini dawa za maumivu nazo zimo, hasa piroksikamu na meloksikamu. Hata parasetamoli haikuachwa: mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa tahadhari baada ya kukuta katika kumbukumbu zake za 1969 hadi 2012 taarifa 107 za madhara makali ya ngozi yaliyohusishwa nayo, ambapo wagonjwa 67 walilazwa na 12 walifariki. Kwa dawa inayomezwa na mamilioni ya watu kila siku, idadi hiyo ni ndogo mno, na si sababu ya mtu kuogopa Panadol.

Ugumu uko mwanzoni. Homa, koo kuuma na macho kuwasha hutangulia upele kwa siku kadhaa, na hizo ndizo dalili zinazompeleka mtu duka la dawa. Hivyo dawa isiyo na kosa huweza kulaumiwa, na yenye kosa huweza kuongezwa.

Mzio wa kawaida huwasha, huu huuma. Hutokea mabaka, ambayo kwenye ngozi nyeusi huonekana ya zambarau au meusi zaidi badala ya mekundu, kisha malengelenge, na ukipitisha kidole kwa kusugua ngozi huteleza na kubabuka kama ya mtu aliyeungua maji ya moto. Midomo hufanya magamba ya damu, na mgonjwa hushindwa hata kumeza mate.

Anayeona hayo aache dawa na awahi hospitali siku hiyohiyo, akibeba pakiti za kila alichomeza, zikiwemo za mafua, kwa kuwa nyingi zina parasetamoli ndani yake. Dawa itakayothibitika hatakiwi kuigusa tena maishani.