Sauna, Stimu na Jakuzi: Wateja na Wenye Jimu Wajue Haya

Matangazo ya sauna na chumba cha mvuke, kile ambacho wengi mjini Mombasa hukiita stimu, yametapakaa kuanzia Tudor hadi Nyali na Shanzu. Malalamiko nayo yanazidi: vipele siku mbili baada ya kuoga kwenye jakuzi (beseni la maji moto yenye mapovu), watu kuishiwa nguvu mlangoni mwa stimu, na wateja waliolipia "kutoa sumu mwilini". Tunaamini wengi wa wenye biashara hizi wana nia njema. Nia njema, hata hivyo, haiui bakteria.

Tuanze na hiyo sumu, maana ndiyo inayotupotezea muda mwingi. Jasho ni maji na chumvi, pamoja na chembe kidogo sana za vitu vingine. Taka za mwili huondolewa na ini na figo. Kama jasho lingesafisha damu, basi anayesubiri feri Likoni saa nane mchana mwezi wa Februari angekuwa na damu safi kuliko watu wote wa nchi hii. Habari ya kupunguza kilo ni hiyo hiyo: kikao kimoja cha sauna hutoa takriban nusu lita ya jasho, mizani inashuka nusu kilo, na ukinywa maji inarudi. Tangazo linaloahidi kilo tatu kwa siku linaahidi kukukausha maji, na hilo ni ugonjwa.

Faida zipo, ila si hizo. Joto hupanua mishipa ya damu, moyo ukapiga mara 100 hadi 150 kwa dakika kama wa mtu anayetembea haraka, na baadaye shinikizo la damu hushuka kwa muda. Misuli hulegea, na wengi hulala vizuri. Utafiti unaotajwa sana ulifanywa Kuopio, mashariki mwa Finland, kwa wanaume 2,315 wa makamo waliofuatiliwa kwa takriban miaka 20. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015. Waliokwenda sauna mara 4 hadi 7 kwa wiki walikuwa na hatari ya kifo cha ghafla cha moyo iliyo chini kwa asilimia 63 kuliko waliokwenda mara moja. Lakini watafiti waliwatazama tu. Hawakuwapangia nani aende na nani asiende, na mwenye afya ndiye anayeweza kwenda sauna kila siku. Tena ilikuwa sauna kavu ya nyuzi 80 hivi. Haikuwa stimu wala jakuzi. Mwenye jimu asibandike matokeo ya Kuopio ukutani juu ya beseni la maji moto.

Tofauti yenyewe ni hii. Sauna ina nyuzi 70 hadi 100 za selsiasi na hewa kavu, kwa hiyo jasho hukauka na kuupoza mwili. Stimu ina nyuzi 40 hadi 50 tu, lakini hewa imeshiba maji, jasho halikauki, na mwili hauna njia ya kutoa joto. Ndiyo maana nyuzi 45 za mvuke humlemea mtu anayestahimili 80 za sauna. Na akitoka nje anakutana na hewa ya Mombasa, ambayo nayo ina unyevu mwingi, kwa hiyo kupoa kunachukua muda. Anayeanza akae dakika 5 hadi 10, aliyezoea asipite 15 au 20, kisha aketi chini ya panka na anywe angalau nusu lita ya maji kabla ya kushika usukani. Kushindana nani atavumilia zaidi ni upuuzi: mwaka 2010 huko Heinola, Finland, mashindano ya dunia ya sauna yalifanywa kwa nyuzi 110, mmoja wa waliofika fainali akafa, na mashindano yakakoma.

Walio na maumivu ya kifua yasiyotulia, waliopata mshtuko wa moyo karibuni, au ambao vali ya moyo wao imebana sana, wasiingie. Mjamzito naye asiingie, hasa miezi mitatu ya mwanzo, kwani joto kali la mwili wakati huo limehusishwa na kasoro za uti wa mgongo na ubongo wa mtoto. Anayetumia dawa za presha, hasa za kukojosha, amuulize daktari kwanza na asisimame kwa ghafla. Mwenye kisukari aliyepoteza hisia miguuni anaweza kuungua asijue. Pombe, miraa na muguka haviendi pamoja na joto hili. Wakati wa Ramadhani, subiri baada ya futari. Kutoa nusu lita ya maji saa tisa alasiri ukiwa umefunga ni kujitafutia kuzirai.

Jakuzi ndiko kwenye kazi. Maji ya nyuzi 40, ambayo ndiyo ukomo, humaliza klorini upesi, jua huimaliza upesi zaidi, na watu wanne ndani ya lita 1,500 huleta jasho, mafuta na losheni ambavyo dimbwi kubwa la kuogelea lingeweza kuvimeza. Klorini huru, yaani ile ambayo bado ina nguvu ya kuua vijidudu, isishuke chini ya miligramu 3 kwa lita. Anayetumia bromini badala ya klorini, isiwe chini ya 4. pH, yaani kipimo cha uchachu wa maji, iwe kati ya 7.0 na 7.8, maana ikipanda klorini ipo lakini haifanyi kazi. Hapa Pwani tatizo hilo ni la kila siku, kwa kuwa maji mengi ya visima ni ya chumvi na magumu: hupandisha pH na kuacha magamba kwenye mabomba, na chini ya magamba bakteria hujificha wasifikiwe na dawa. Pima angalau mara mbili kwa siku na uandike kwenye daftari. Lita 1,500 zilizokosa klorini kabisa zinahitaji takriban gramu 7 za klorini ya unga ya asilimia 65 kufikia kiwango cha 3. Pima kwa mizani, usikadirie kwa kifuniko cha chupa. Na usichanganye klorini na asidi ya kushusha pH kwenye ndoo moja; gesi inayotoka huharibu mapafu.

Maji yabadilishwe lini? Gawanya lita za jakuzi kwa 11, kisha ugawe kwa idadi ya waogaji kwa siku. Lita 1,500 na watu 20 ni kama siku 6 au 7. Jibu la "yanapoanza kunuka" halikubaliki. Stima ikipotea usiku kucha pampu husimama na maji hukaa vuguvugu. Asubuhi usifungue kabla ya kupima na kuongeza dawa.

Maji yakiachwa, bakteria wa Pseudomonas huleta vipele vyenye usaha palipofunikwa na nguo ya kuogelea. Legionella ni hatari zaidi: hukua vizuri kwenye maji vuguvugu, na mapovu huyarusha hewani mtu akayavuta. Mwaka 1999, kwenye maonyesho ya maua Bovenkarspel, Uholanzi, jakuzi za maonyesho ziliambukiza watu na angalau 32 wakafa, wakiwemo waliopita tu karibu. Homa, kikohozi na pumzi fupi ndani ya siku 2 hadi 14 baada ya jakuzi, mwambie daktari ulikuwa wapi. Kwetu kila homa huitwa malaria.

Na kujifukiza nyumbani kwa jiko la makaa chini ya blanketi au ndani ya chumba kilichofungwa, tafadhali acheni. Moshi usioonekana wa makaa huua kabla ya mwarobaini kufanya lolote. Chemsha maji nje, ulete sufuria tu.

Kisheria, Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, kifungu cha 115, inakataza hali inayohatarisha afya. Mkaguzi akiikuta, notisi hutolewa chini ya kifungu cha 119 kwa aliyeisababisha; asipopatikana, kwa mpangaji au mwenye jengo. Kasoro ikiwa ya jengo lenyewe, notisi humwendea mwenye jengo moja kwa moja. Notisi hutaja kazi na muda wa kuifanya. Muda ukiisha ukaguzi hurudiwa, na kazi isipofanyika, jambo huenda kwa hakimu chini ya kifungu cha 120. Hakimu anaweza kutoza faini na gharama na kuamuru hali iondolewe. Kulipa faini hakuondoi wajibu wa kufanya kazi iliyotajwa. Wengi hudhani kunauondoa.

Mlalamikaji aje ofisi ya afya ya umma na jina la mahali, tarehe na saa aliyoingia, na karatasi ya hospitali kama ipo. Asilete maji kwenye chupa ya soda. Sampuli huchukuliwa na mkaguzi kwa chupa iliyotakaswa yenye dawa ya kuzima klorini, huwekwa kwenye baridi, na hufika maabara ndani ya saa 24. Hiyo ya soda haitapimwa.