Je, wajua kwa nini Second Life ilijengwa na wateja wake?

Michezo mingi ya kompyuta huuzwa ikiwa imekamilika: milima, nyumba na maadui vimeshachorwa, kazi yako ni kuingia ucheze. Second Life, ulimwengu wa kubuni wa mtandaoni uliofunguliwa Juni 2003 na kampuni ya Linden Lab ya San Francisco, ilikuja kinyume. Kampuni ilitoa ardhi, bahari na jua. Nyumba, nguo, magari, hata mitindo ya nywele, karibu vyote vilitengenezwa na watu walioingia humo. Huitwa wakazi, si wachezaji, maana hakuna cha kushinda.

Chukua kiti. Unaanza na mchemraba wenye sura ya mbao tupu, kipande ambacho wakazi hukiita primu. Unaubana uwe bapa, umepata pa kukalia. Unaongeza miche duara minne, ndiyo miguu. Unaviunga vyote viwe kitu kimoja, unabandika picha ya mbao za mninga, na ukipenda unatia mistari michache ya msimbo, yaani maagizo ya kompyuta, ili mtu akibofya, avata yake (umbo linalomwakilisha humo) iketi. Yote hayo hufanyika humo humo, jirani akikutazama. Mwisho unaamua: je, mnunuzi aruhusiwe kukinakili, kukibadilisha, kumpa mwingine? Ukimnyima kunakili, kiti hicho kinakuwa kama cha seremala wa mtaani: akikigawa, hana tena.

Vitu vinavyobadilika kila saa namna hiyo haviwezi kuuzwa kwenye diski. Kompyuta yako huvivuta kutoka kwenye seva, yaani kompyuta za kampuni, kadiri unavyosogea, ndiyo maana mgeni hufika sokoni akakuta kuta za kijivu zinazopata rangi moja baada ya nyingine. Na kila eneo la mita 256 kwa 256 lina kikomo cha primu, kwa miaka mingi 15,000, seva isije ikaelemewa.

Mwanzoni kampuni ilijaribu kuzuia msongamano huo kwa kodi: kadiri unavyojenga, ndivyo unavyotozwa. Wazee wetu waliolipishwa kodi ya kibanda wangeweza kuwaambia mapema litakalotokea. Walioumia zaidi ni wakazi wa Americana, mradi wa humo, waliojenga kwa ushirika mifano ya alama maarufu za Marekani ili kila mtu atembelee. Mwaka huohuo wa 2003 wakarundika makasha makubwa ya chai, wakikumbushia Boston ya 1773, pale chai ilipomwagwa bandarini kwa sababu ya kodi ya Waingereza. Makasha yenyewe, bila shaka, yalikuwa primu.

Novemba 2003 kampuni ikatangaza kwamba haki miliki ya kitu ni ya aliyekitengeneza. Desemba kodi ya vitu ikaondolewa, watu wakawa wanalipia ardhi. Kwangu mimi, tangazo la Novemba lina uzito kuliko teknolojia yote niliyoieleza. Kwenye michezo mingi, ulichokiunda kilikuwa mali ya kampuni, basi nani akeshe akishona gauni la mwenzake? Sasa gauni likauzwa kwa dola za Linden, fedha ya humo, nazo hubadilishwa kuwa dola za Marekani. Ailin Graef, aliyejulikana humo kwa jina la Anshe Chung, alifanya biashara ya ardhi hiyo, na mwaka 2006 akatangaza kuwa mali zake za humo zimepita thamani ya dola milioni moja za Marekani.

Ukimpa kila mtu nyundo, umempa na mhuni. Novemba 2006 zilitokea pete za rangi ya dhahabu zilizojizalisha zenyewe mpaka seva zikalemewa. Mwezi huohuo ikasambaa programu iitwayo CopyBot, iliyonakili bidhaa za watu bila idhini. Baadhi ya wenye maduka walifunga milango kwa hasira, na kampuni ikaonya kuwa atakayeitumia kunakili kazi za wenzake anaweza kufungiwa akaunti.