Enzi kuu ya Mungu haimzuii mtu kupanga

"Binadamu hupanga, Mungu hupangua." Msemo huu umerudiwa makanisani mpaka wapo wanaoamini ni mstari wa Biblia. Haumo. Ungebaki msemo tu ningenyamaza, lakini sasa unatolewa kama maelezo ya fundisho zito, na kwa jina la fundisho hilo watu wanaacha kuandaa bajeti, wanaacha kuweka akiba, na anayeuliza ratiba anaambiwa hana imani.

Enzi kuu ya Mungu maana yake ni kwamba Mungu anatawala vyote, na hakuna awezaye kulizuia kusudi lake (Ayubu 42:2). Namna utawala huo unavyokutana na hiari ya mwanadamu ni jambo ambalo Wakristo wamelijadili kwa karne nyingi bila kuafikiana, nami silifungui hapa.

Mstari unaokaribiana na msemo ule ni Mithali 16:9: "Moyo wa mtu huifikiri njia yake, Bali BWANA huziongoza hatua zake." Tazama tofauti. Katika msemo, Mungu ni mpinzani anayengoja mtu amalize kupanga ili abomoe. Katika Mithali, mtu anafikiri njia na Mungu anaongoza miguu inayoipita. Kufikiri hakukemewi, kunachukuliwa kuwa ndiyo kazi ya moyo.

Wanaosema "kama Mungu ameshaamua, jitihada zangu za nini?" wanaeleza imani nyingine: kwamba litakalokuwa litakuwa, ufanye usifanye. Matendo 27 inalivunja wazo hilo kabisa. Merikebu imo katika dhoruba, na malaika amemhakikishia Paulo kwamba hakuna hata mmoja wa wasafiri wote, watu 276, atakayepoteza maisha. Neno limetoka kwa Mungu. Kisha usiku mabaharia wanashusha mashua wakijifanya wanakwenda kutia nanga za omo (upande wa mbele wa merikebu), kumbe wanataka kutoroka. Paulo hakusema "waacheni, Mungu ameshaahidi." Alimwambia akida na askari: "Hawa wasipokaa ndani ya merikebu hamtaweza kuokoka." Askari wakakata kamba za mashua. Yaani Mungu aliyeazimia watu wafike salama pwani aliazimia pia wafike kwa ujuzi wa mabaharia waliobaki chomboni. Ndiyo maana hata Calvin, mwanatheolojia wa Matengenezo ya Kanisa ambaye jina lake halitajwi bila kutajwa fundisho la kwamba Mungu ameamua hatima ya watu tangu awali, aliutumia mstari uleule wa Mithali kufundisha kwamba Mungu aliyeweka mipaka ya maisha yetu ametukabidhi pia kuyatunza, na ametupa akili ya kuona hatari mapema.

Halafu kuna Yakobo 4, sura inayonukuliwa zaidi dhidi ya mipango. Wafanyabiashara wanasema wataingia mji fulani, watakaa mwaka mzima, watafanya biashara na kupata faida. Yakobo anawakemea, na wengi wanaishia hapo. Wasome hadi mstari wa 16, ambako kosa linatajwa waziwazi: majivuno. Walizungumza kana kwamba kesho ni mali yao.

Paulo alipanga sana. Aliwaandikia Wakorintho kwamba atabaki Efeso mpaka Pentekoste, atapitia Makedonia, huenda akae kwao majira ya baridi, na ndani ya mpango huohuo akaweka "Bwana akinijalia" (1 Wakorintho 16). Aliwaambia Warumi kwamba atapitia kwao akienda Hispania. Alifika Roma akiwa mfungwa, na kama aliiona Hispania Maandiko hayasemi. Ila hakuna mahali aliposema alikosea kupanga safari hiyo.

Kwa hiyo, ndugu unayejibu kila swali la ratiba kwa "Bwana akipenda" kisha ukanyamaza, maneno hayo ni mazuri na usiyaache. Ila Yakobo hakuyaishia hapo. Alisema: "Bwana akipenda, tutakuwa hai na kufanya hivi au hivi." Tunaokuuliza tunaomba utuambie na hiyo "hivi au hivi": utaanza lini, kwa fedha ipi, pamoja na nani.