Osileta kwenye kompyuta: dhana potofu kuhusu usahihi wa uigaji

Dhana: ukikaza RELTOL, masafa yatakuwa sahihi.

RELTOL ni kiwango cha kosa kinachoruhusiwa kwenye SPICE, programu ya kuiga saketi; huanza na 0.001, husimamia kosa la volteji na mkondo, na urefu wa hatua, yaani kipande cha muda kati ya hesabu moja na inayofuata, huugusa kwa mbali tu. Osileta, saketi inayojitengenezea wimbi lake, haina saa ya nje ya kuirudisha kwenye mstari, kwa hiyo kosa la fazi (wimbi kuchelewa au kutangulia) la hatua moja hujumlishwa kwenye la hatua inayofuata. Ndiyo maana kikomo cha urefu wa hatua unapaswa kukiweka mwenyewe.

Chukua indakta ya milihenri 1 na kapasita ya nanofaradi 1. Kwa hesabu ya kalamu, saketi hiyo hutikisika kwa kilohezi 159.15. Iendeshe kwa mbinu ya trapeza, mojawapo ya kanuni za programu za kukokotoa kila hatua, kwa hatua 20 kwa kila mzunguko, utasoma 157.9 hivi. Zaidi ya kilohezi nzima imepotea, na wimbi kwenye skrini bado linapendeza! Weka hatua 100, yaani kikomo cha nanosekunde 63 hivi, utasoma 159.10. Kila ukikata hatua nusu, kosa hubaki robo, na hicho ndicho kipimo ninachokiamini: kata nusu, uone kama masafa bado yanasogea.

Dhana: mbinu ya Gear, kanuni nyingine ya kukokotoa hatua, ni salama zaidi kwa sababu mawimbi yake ni laini.

Ulaini huo unatokana na nishati inayoliwa na hesabu yenyewe. Euler ya kurudi nyuma, ambayo ndiyo Gear ya daraja la kwanza, kwa hatua 100 kwa mzunguko, hula karibu asilimia 18 ya kimo cha wimbi katika kila mzunguko, kana kwamba umeunganisha resista usiyoiona. Gear ya daraja la pili ni pole zaidi, lakini kwa hatua hizo hizo Q (kipimo cha jinsi saketi inavyotunza nishati ya mtikisiko) haiwezi kupita takriban 8,000, na kristali ya kwatzi mara nyingi ina Q ya makumi ya maelfu. Inauma kuona mtu akibadilisha transista nzima wakati saketi yake haina kosa lolote. Kwa osileta, anza na trapeza. Ukiona meno ya msumeno kwenye kingo kali, punguza hatua kabla ya kubadili mbinu.

Dhana: isipoanza kutikisika, saketi ni mbovu.

Programu huanza kwa kutafuta hali tuli, na humo hamna kelele ya kuiamsha. Pandisha umeme kutoka sifuri, au ipe kapasita moja volteji ya kuanzia.

Dhana: kaza kila kitu, utakuwa salama.

Ukikaza mno, hesabu hukwama. Tena muda nao una bei yake: kristali ya megahezi 10 inayohitaji milisekunde 5 kutulia ni mizunguko 50,000, sawa na hatua milioni 5. Afadhali uipe indakta iliyo ndani ya modeli ya kristali mkondo wa kuanzia ulio karibu na ule wa mwisho, uruke sehemu kubwa ya safari hiyo.