Kwa Nini Mlio wa Nyundo ya Ng'ambo Huchelewa

Simama Mji wa Kale wa Mombasa, upande wa bandari ya majahazi, umtazame fundi wa ng'ambo akigongelea msumari. Nyundo inashuka kimya. Mlio unakufikia ameshainua mkono tena. Macho hayajakosea, sauti ndiyo ilikuwa ingali njiani.

Hewa ikiwa na nyuzijoto 0 za Selsiasi, sauti hukimbia mita 331 kwa sekunde, na kila nyuzi inayoongezeka huipa kama mita 0.6 zaidi. Kwa joto letu la Kaskazi, nyuzi 30 hivi, hukaribia mita 349. Ndiyo maana radi ikimulika unahesabu sekunde hadi ngurumo, ukagawa kwa tatu, ukapata kilomita.

Wengi hudhani kelele kubwa hutangulia kufika. La. Honi ya meli pale Kilindini na filimbi ya mtoto huenda mwendo mmoja. Honi inafika mbali zaidi, basi. Unyevu wa pwani nao huongeza kasi, ila kidogo mno, hutaugundua kwa sikio.

Joto lina kazi nyingine, nayo ndiyo inayonivutia zaidi: hupinda sauti. Alfajiri ya utulivu, ardhi imepoa, na hewa iliyoigusa ni baridi kuliko ya juu yake. Wimbi la sauti huenda kasi sehemu ya juu na kusuasua chini, kwa hivyo huinamia ardhini badala ya kupotelea angani. Mtu wa Kisauni akasikia adhana ya msikiti wa mbali ambao adhuhuri hausikii kabisa. (Matatu pia huwa bado zimelala, tusizisahau.) Jua likichoma ardhi, mambo hugeuka: sauti hupindia juu.

Majini ni habari nyingine. Maji ni mazito kuliko hewa mara 800 hivi, ungetarajia sauti ijikokote. Lakini maji hayabanwi kwa urahisi, yakisukumwa hurudisha papo hapo, na sauti katika bahari yetu yenye joto hupita mita 1,500 kwa sekunde. Hapo kuna hatari. Ubongo hujua sauti imetoka wapi kwa kulinganisha, pamoja na mengine, sikio lipi limetangulia kusikia. Chini ya maji tofauti hiyo hupungua zaidi ya mara nne, na injini ya boti husikika kama iko pande zote. Mzamiaji wa pweza anayeusikia mngurumo asilitegemee sikio: atazame juu, azunguke mzima, mkono mmoja ukiwa umetangulia, ndipo aibuke.