Kufuma kwa Sindano Mbili Mombasa: Maneno Yanayowavunja Moyo Vijana, na Ukweli Wake

Kijana wa Mombasa akionekana na sindano mbili na donge la uzi, maneno hayakawii. Baridi iko wapi hapa? Kwani umeshakuwa bibi? Hiyo si kazi ya wasichana? Wengi huziweka sindano chini papo hapo, na wala si kwa kuwa mikono imeshindwa. Mimi hukaa barazani na vijana wa mtaani, wavulana kwa wasichana, nikiwaelekeza kufuma. Ninavyoona, kazi yenyewe huingia mkononi upesi. Kinachowachelewesha ni yale waliyoambiwa kabla hawajashika uzi.

"Kufuma ni mambo ya watu wa baridi"

Hili ndilo linalosemwa zaidi, na ukilisikia mara ya kwanza unaona lina maana. Hata kipupwe cha Julai, usiku wetu huwa na kama nyuzijoto 20. Nani atavaa sweta la sufu Kongowea saa sita mchana?

Lakini itazame fulana uliyovaa. Shika pindo, lilete karibu na macho, livute kidogo. Upande wa nje utaona safu za herufi V ndogo sana, moja imesimama juu ya nyingine. Geuza ndani, utaona vinundu vilivyolala. Kila V ni kitanzi cha uzi kilichopitishwa ndani ya kitanzi cha chini yake. Hiyo ni kazi ileile ya sindano mbili, ila imefanywa na mashine kwa uzi mwembamba wa pamba. Soksi za shule ziko hivyo, na nguo nyingi za ndani pia. Sasa chukua leso uivute kwa urefu wake. Haivutiki, kwa sababu nyuzi zake zimenyooka, nyingine za wima na nyingine za mlalo, zikipishana juu na chini. Fulana huvutika na kurudi kwa kuwa vitanzi vyake hufunguka na kujikunja tena. Kwa hiyo watu wa Mombasa tunavaa kazi ya kufuma kila siku, jua likiwaka.

Historia nayo haikubaliani na dhana hiyo. Vipande vya zamani kabisa vinavyojulikana vya kufuma kwa sindano mbili vimetoka Misri, kati ya karne ya 11 na ya 14, na vingi ni vya soksi. Ni pamba, nyeupe na ya buluu ya nili, na baadhi vina mapambo yaliyofuata umbo la herufi za Kiarabu. Ufundi huo ulivuka hadi Hispania kwa mikono ya Waislamu. Katika monasteri ya Las Huelgas, mjini Burgos, kaburi la mwanamfalme Fernando de la Cerda, aliyefariki mwaka 1275, lilikutwa na mto uliofumwa kwa hariri, ukingoni pamezungushwa neno "baraka" kwa hati ya Kikufi, mtindo wa kale wa kuandika Kiarabu. Masweta mazito ya wavuvi wa Ulaya ya kaskazini yalikuja karne nyingi baadaye. Kijana wa Mji wa Kale anayefuma kwa pamba yuko karibu na chanzo cha ufundi huu kuliko anavyoambiwa.

La kuangalia ni uzi. Pamba hunyonya jasho na hufulika, ndiyo inayotufaa hapa. Akriliki, inayopatikana kwa bei nafuu, ni aina ya plastiki: kwa mazoezi ni nzuri, lakini usifumie kitambaa cha kushikia sufuria, maana ikikutana na moto huyeyuka. Kwa pamba utapata vitambaa vya kuoshea vyombo na mifuko ya matundu ya kwendea sokoni, ambayo ina kazi zaidi tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Kenya mwaka 2017.

Utapata pia kofia za watoto wachanga, na hapa ningependa kila anayesema "Mombasa hakuna baridi" asikilize. Mtoto mchanga hupoteza joto jingi kupitia kichwani, hasa aliyezaliwa kabla ya wakati. Katika malezi ya kumbeba mtoto kifuani ngozi kwa ngozi, ambayo Shirika la Afya Duniani huyapendekeza kwa watoto wa uzito mdogo, mtoto huvishwa kofia na soksi hata katika nchi za joto. Kofia hiyo ni ndogo mno, kijana anayejua mambo mawili matatu anaweza kuimaliza.

"Ni kazi ya wanawake, tena wazee"

Mafundi cherehani wengi wa mjini petu ni wanaume na hakuna anayewacheka. Wavuvi hutengeneza nyavu zao kwa mikono, fundo baada ya fundo, na hakuna anayewaita wasichana. Kwa nini basi mvulana mwenye sindano mbili achekwe? Ulaya ya karne ya 16, vyama vya mafundi wa soksi na kofia za kufuma vilikuwa vya wanaume, na aliyebuni mashine ya kwanza ya kufuma soksi, mwaka 1589, alikuwa Mwingereza mwanamume, William Lee. Kisiwani Taquile, nchini Peru, wanaume ndio wanaofuma kofia kwa sindano, na wavulana hufundishwa wangali wadogo. Ufumaji wa kisiwa hicho umo katika orodha ya urithi ya UNESCO. Na Tom Daley, Mwingereza aliyeshinda dhahabu ya kupiga mbizi katika Olimpiki ya Tokyo mwaka 2021, alionekana kwenye jukwaa la watazamaji akifuma huku akitazama wenzake wakishindana.

Wengine huchanganya kazi hii na kroshia, kwa kuwa vitambaa vya kroshia vimejaa kwenye makochi ya nyumba zetu. Kroshia hutumia sindano moja yenye kulabu, na mara nyingi kitanzi kimoja tu ndicho kinachobaki wazi. Kwenye sindano mbili, vitanzi vya mstari mzima hukaa wazi vikingoja zamu. Ukijua moja hujajua nyingine, ingawa vidole vinakuwa vimeshazoea uzi.

"Kaza uzi, usije ukafumuka"

Ushauri huu hutolewa kwa nia njema, na unawatesa wanaoanza kuliko jambo lolote. Kinachozuia nguo isifumuke ni kitanzi kimoja kushikwa na kingine, na mwishoni kufunga vitanzi vyote. Kukaza hakuongezi chochote. Ukubwa wa kitanzi unatokana na unene wa sindano: uzi uizunguke sindano kwa raha, kitanzi kiteleze bila kusukumwa. Ukiona unalazimisha ncha kuingia, mabega yamepanda na vidole vinauma, legeza. Jasho letu nalo lina sehemu yake, maana mkono wenye unyevu huvuta uzi bila kukusudia. Nawa, jifute vizuri, na fuma jioni upepo ukianza kuingia. Sindano za mianzi husaidia anayeanza, kwa sababu hazitelezi kama za chuma na vitanzi havikimbii.

"Ukikosea mara moja, yote imeharibika"

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo vijana wengi wanapoachia.

Kosa la kwanza la karibu kila mtu ni hili: ameanza na vitanzi 20, akifika mstari wa kumi anavyo 26, na kitambaa kimepanuka juu kama feni. Anadhani hana mkono wa kazi. Sababu ni ndogo kabisa. Ukimaliza mstari na kugeuza, uzi ukiupeleka nyuma kwa kuupitisha juu ya sindano, unakivuta juu kitanzi cha kwanza, na miguu yake miwili inaonekana kama vitanzi viwili. Unavifuma vyote viwili, na hapo umeongeza kimoja. Mstari unaofuata, kingine. Dawa yake ni kuuteremsha uzi chini ya sindano kabla ya kuupeleka nyuma, kisha kuhesabu vitanzi mwisho wa kila mstari mpaka jicho lizoee.

La pili ni kitanzi kuchopoka sindanoni. Wengi hushtuka wakadhani nguo nzima itafumuka. Haifumuki. Kitanzi hicho hushuka kwenye safu yake peke yake, kikiacha nyuzi zimelala kama vipago vya ngazi, na jirani zake hawasogei. Chukua sindano ya kroshia, ukiwa upande wenye V. Ingiza kulabu kwenye kitanzi kilichoanguka, nasa kipago cha kwanza, kivute kipite ndani ya kitanzi, kisha nasa cha pili, hivyo hivyo hadi juu. Rudisha kitanzi sindanoni. Ukifanya vizuri, hata wewe mwenyewe hutajua kilianguka wapi.

Na kosa likiwa kubwa, fumua. Uzi wote unarudi ulivyokuwa, haujakatika wala haujapungua. Kitambaa kilichokatwa vibaya na mkasi hakina dawa. Sijui kazi nyingine ya mikono inayompa anayejifunza nafasi kama hii, na nataka kila kijana aielewe kabla hajasema "mimi siwezi".

Mishono ya msingi ni miwili tu, wa mbele na wa nyuma, na kwa kweli ni mmoja: wa nyuma ni ule wa mbele ukitazamwa kutoka upande wa pili. Ile V na kile kinundu cha fulana yako ni kitanzi kimoja.

Yapo pia madai kwamba kufuma kunamwibia mwanafunzi muda wa masomo. Kazi hii ni hesabu iliyoshikika mkononi. Kichwa chako kina mzingo wa sentimita 55, na kofia inatakiwa iwe ndogo kwa kama sentimita 5 ili ishike, kwa hiyo 50. Fuma kipande cha majaribio, upime: sentimita 10 zina vitanzi 20. Basi kofia inataka vitanzi 100. Rafiki yako anabana zaidi, sentimita 10 zake zina vitanzi 25. Akianza na 100 kama wewe, atapata kofia ya sentimita 40, ya mtoto mdogo. Uwiano ambao darasani ulikuwa maneno matupu, hapa unavalika au hauvaliki.

Anayetumia mkono wa kushoto hahitaji sindano za pekee wala hana haja ya kusubiri mwalimu wa aina yake. Mikono yote miwili inafanya kazi, na wapo mafundi wengi wa mkono wa kulia wanaoushikia uzi kushoto.

"Vifaa ni ghali"

Nyuzi za sufu kutoka nje ni ghali, ndiyo, lakini huzihitaji. Donge moja la uzi wa unene wa kati linatosha kuanzia, la rangi nyepesi, maana kwenye uzi mweusi vitanzi havionekani. Sindano ziwe za milimita 4 au 5. Ukizikosa, vijiti vinene vya mianzi vya mishikaki vinafaa kwa uzi mwembamba kidogo: visugue kwa msasa hadi visikwaruze, na zungushia mpira mwisho wa kila kimoja ili vitanzi visichomoke. Sweta kuukuu la akriliki linaweza kufumuliwa likakupa uzi wa mazoezi bila senti.

Usianze na sweta, wala usianze na skafu ndefu itakayokuchosha katikati. Anza na kitambaa cha mraba cha pamba, vitanzi 30, mshono wa mbele mistari yote, mpaka urefu ulingane na upana. Funga vitanzi kwa mkono mlegevu, kata uzi, ufiche ncha zake. Kioshe, kitandaze kivulini, kikikauka ukipime upya, kwa sababu pamba huweza kurudi kidogo ikioshwa mara ya kwanza, na kipimo cha baada ya kuosha ndicho utakachokitumia kwa kofia.