Gari la familia linateleza: tunayoambiana na ukweli wenyewe

Desemba moja nlikuwa napandisha Mwika, kule Kilimanjaro, kwenda nyumbani Krismasi, niko na mama na watoto, mvua imenyesha usiku kucha na kile kipande cha udongo mwekundu katikati ya migomba kimelowa chote. Gari yangu RAV4 ikagoma katikati ya mlima, tairi za mbele zinazunguka tu, alafu ikaanza kurudi nyuma yenyewe huku nimekanyaga breki, mama anasali kwa sauti. Vijana wa pale wakaja wakasukuma tukatoka. Toka siku ile nimelifuatilia sana hili jambo, kwasababu mengi nliyokuwa naamini hayakuwa kweli na bado nayasikia kila siku kwa watu wanaobeba familia.

La kwanza ni kwamba RAV4, Harrier, X-Trail zote ni 4WD, yaani injini inazungusha tairi zote nne. Hapana jamani. Japani wanatengeneza hizo hizo na za 2WD, injini inazungusha tairi mbili tu, bodi ile ile, huwezi kujua kwa kuangalia juu juu. Soma namba ya chesesi: RAV4 ya kuanzia 2005 ikianza na ACA31 ni 4WD, ACA36 ni 2WD, Harrier ACU35 ni 4WD na ACU30 ni 2WD, X-Trail ile ya zamani NT30 ni 4WD na T30 tupu ni 2WD. Kama kadi ya gari haipo karibu inama uangalie chini, 4WD ina propela (lile bomba refu linalopeleka nguvu nyuma) inayopita katikati mpaka kwenye difu ya nyuma (lile boksi la gia linalogawa nguvu kwa tairi mbili), 2WD hapo nyuma hamna difu. Yangu ilikuwa ACA36. Miaka mitatu naiendesha nikijua nina 4WD.

Na hata ingekuwa 4WD kweli, watu wanadhani 4WD inazuia gari kuserereka. 4WD inakusaidia kuondoka na kupanda, basi. Ukishakanyaga breki kwenye lami yenye maji, kinachokusimamisha ni breki na zile sehemu nne za mpira zinazogusa barabara, kila moja ina ukubwa kama wa kiganja tu. Ile batani ya LOCK, ya kulazimisha nguvu iende mbele na nyuma, kwenye RAV4 hiyo ya 2005 nayo inajitoa yenyewe ukifika spidi 40, kwaiyo usiiwashe kwenye highway ukidhani inakulinda.

Sasa hapa kwenye tairi ndo pana mambo. Tunaambiana "usitoe tairi zilizokuja na gari, za Japani ni imara". Nenda kwenye gari yako sasa hivi usome ubavuni, ukikuta neno STUDLESS, au majina kama Blizzak au iceGUARD, hizo ni tairi za barafu. Mpira wake ni laini makusudi ili ushike kwenye baridi kali, zile kashata (vipande vya mpira vinavyogusa barabara) zimechanwachanwa vimistari vyembamba kama umepitisha wembe. Kwenye lami yetu ya moto zinalegea, zinaisha haraka, na lami ikilowa gari inachelewa kusimama. Mimi zilikuwa mbili mbele! Nlipobonyeza kucha kwenye ile kashata ilizama kabisa, nikabonyeza ya nyuma ikagoma. Alafu angalia na namba nne za mwisho kwenye maandishi ya DOT, ukikuta 2314 maana yake imetengenezwa wiki ya 23 mwaka 2014, mpira wa umri huo umeshakauka hata kama kashata bado ndefu.

Kingine, taa za VSC (mfumo wa kuzuia gari kuserereka) na ABS (unaozuia tairi kujifunga ukikanyaga breki) zikiwaka watu wanaambiwa pampu imekufa au gia boksi inaondoka. Rafiki yangu aliambiwa anunue pampu ya ABS, akakopa hela kabisa. Fundi mwingine akapima kwa mashine kwanza, ikasema sensa ya tairi ya nyuma kushoto, wakapandisha gari wakaukuta waya umesugua kwenye chuma mpaka umekatika. Wakaunga, wakaufunga vizuri mbali na ile chuma, taa zikazima. Na kwenye Toyota nyingi check engine ikiwaka, VSC na 4WD zinawaka pia, kwasababu gari inazima hiyo mifumo yenyewe, kumbe shida iko kwenye injini na difu haina kosa lolote. Kwaiyo kipimo kwanza, hela baadae. Breki za kawaida zinafanya kazi taa zikiwaka ila msaada wa ABS huna, punguza mwendo.

Kupunguza upepo wa tairi ili gari ishike: kwenye mchanga au tope ukienda taratibu ni sawa, kwenye lami ya mvua ni hatari, tairi inashindwa kusukuma maji pembeni na gari inaelea. Fuata kile kibandiko cha kwenye mlango wa dereva, kimeandikwa kPa, 200 ni kama PSI 29 na 220 ni kama PSI 32, zile namba za mashine ya upepo.

Ukinunua tairi mpya mbili weka nyuma, hata kama gari inavuta mbele. Mbele ikiteleza unaachia mafuta inarudi, nyuma ikiteleza gari inageuka yote. Kama ni 4WD badilisha zote nne, zikipishana ukubwa ile mashine ya kugawa nguvu inachemka.

Na ukikwama usikanyage wese. Difu ya kawaida inapeleka nguvu kwenye tairi isiyo na mzigo, ndo maana moja inazunguka kama feni na mwenzake imelala, unachimba shimo tu. Zima TRC (mfumo wa kuzuia tairi kuzunguka bure) kama batani ipo, maana inakata nguvu ya injini, nyoosha usukani, fukua tope mbele ya tairi zinazovuta, weka mawe au matawi, alafu mafuta kidogo kidogo. Kabla hujaanza hayo yote shusha watoto na wazee, wasimame pembeni upande wa juu wa barabara, na mtu yeyote asikae nyuma ya gari likiwa mlimani.